Msomi anapoandika hadharani: ni sauti yake au ya chuo?

Mhadhiri wa chuo kikuu hupandishwa cheo kwa makala zilizohakikiwa na wataalamu wenzake na kuchapishwa katika majarida. Hata hivyo, katika taaluma ya teknolojia ya elimu, baadhi ya fikra zilizotikisa vyuo zilianza katika tovuti binafsi na blogu za wasomi, ambazo kwa kawaida hazina uzito mkubwa wakati wa kupanda cheo.

Mfano ulio wazi unatoka Canada. Mwezi Desemba mwaka 2004, George Siemens aliweka katika tovuti yake insha iliyodai kwamba kujifunza ni kujenga mtandao kati ya watu na vyanzo vya maarifa. Jarida la kitaaluma liliichapisha insha hiyo Januari mwaka 2005, wakati wasomaji walikwisha kuanza kuijadili.

Mwaka 2008 Siemens na mwenzake, Stephen Downes, waliendesha kozi kuhusu nadharia hiyo katika Chuo Kikuu cha Manitoba. Wanafunzi 25 walilipa ada, na wengine wapatao 2,200 walijiunga bila malipo kupitia intaneti. Washiriki wengi waliandika katika blogu zao wenyewe, na maandishi yao yakakusanywa katika barua iliyotumwa kila siku. Msomi mwingine wa Canada, Dave Cormier, ndiye aliyeipa kozi ya namna hiyo jina la MOOC, ambalo baadaye lilienea duniani kote.

Nchini Uingereza, Martin Weller alikuwa kwa miaka mingi profesa wa teknolojia ya elimu katika Chuo Kikuu Huria cha nchi hiyo. Blogu yake aliianza mwaka 2006, na humo uchambuzi wa sera za elimu umekaa bega kwa bega na habari za vitabu na sahani za santuri anazozipenda. Mwaka 2018 aliandika mfululizo wa maandishi mafupi, kila mwaka na teknolojia yake, kuanzia mwaka 1994. Mfululizo huo ukawa kitabu kilichotolewa mwaka 2020 na shirika la uchapishaji la Chuo Kikuu cha Athabasca, na mtu yeyote anaweza kukisoma bila malipo.

Kuchanganya mambo binafsi na ya kazi kuna faida yake. Msomaji humfahamu anayezungumza naye, na humwona msomi akifikiri kabla hajafikia hitimisho. Lakini maneno hayohayo husomwa pia na mwajiri, wanafunzi na wapinzani. Wazo lililoandikwa kwa majaribio huweza kuchukuliwa kuwa msimamo wa chuo kizima, na kisa cha darasani, hata kisipotaja jina, huweza kumfichua mwanafunzi. Profesa mwenye ajira ya kudumu huweza kustahimili dhoruba ya namna hiyo. Mhadhiri kijana mwenye mkataba wa mwaka mmoja huenda asiweze.

Lipo pia suala la umiliki. Typepad, jukwaa lililohifadhi blogu nyingi tangu miaka ya 2000, lilifungwa tarehe 30 Septemba mwaka 2025. Wale ambao hawakuwahi kuhamisha maandishi yao walikabiliwa na hatari ya kupoteza kazi ya miaka mingi. Chuo Kikuu cha Mary Washington, katika jimbo la Virginia nchini Marekani, kilikwisha kutafuta dawa ya tatizo hilo: tangu mwaka 2013 kiliwapa wanafunzi na wahadhiri anwani zao wenyewe za intaneti, ambazo huweza kuondoka nazo wanapohama.

Kwa Kiswahili, miongoni mwa waliofungua njia ni Mtanzania Ndesanjo Macha, mwanahabari na mwanasheria, aliyeanza blogu yake ya Jikomboe mwaka 2004. Hakusubiri mhariri wala kibali ili kuijadili teknolojia kwa lugha yake.

Vyuo navyo vina swali la kujibu. Vinafurahia sifa ambayo wasomi wao huwaletea kwa kuandika hadharani. Visipoihesabu kazi hiyo, wala kumlinda anayeifanya, watakaobaki wakiandika ni wale tu ambao hawana cha kupoteza.