Wawe Alikuwa na Miaka Mingapi?

Nyanya yangu alifariki Tiwi mwaka 2018, wiki moja baada ya Idi, akazikwa siku hiyo hiyo kabla ya alasiri. Hakuna aliyeuliza umri wake. Mazishi yetu hayataki umri. Yanataka maji ya kuoshea, sanda, jeneza na watu wa kumsalia. Swali lilikuja siku ya tatu, baada ya hitima, watu wameketi mikekani chini ya mwembe wanapiga soga. Mzee wa mtaa alitoa fomu mfukoni, akasema hana budi kuijaza.

"Marehemu alikuwa na miaka mingapi?"

Mjomba, kifungua mimba wake, hakusita. "Themanini na minane. Kitambulisho kinasema 1930."

Mama mkubwa aliinua kichwa kutoka kwenye sinia la mchele alilokuwa akipepeta. "Na chako wewe kaka kinasema 1943. Kwa hiyo mama alikuzaa akiwa na miaka kumi na mitatu?"

Matanga yakaangua kicheko. Kabla hakijatulia, maalim wa chuo, mzee mwenyewe wa kutembea na mkongojo, akasema polepole: "Andika mia."

Mimi nina duka la madaftari na kalamu pale Ukunda, kwa hiyo mkobani mwangu daftari halikosi. Nikalitoa. Nilidhani ni kazi ya dakika tano.

Wawe, ndivyo Wadigo tunavyomwita bibi, hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Hakuwa peke yake. Usajili wa lazima wa vizazi ulikamilika kuenea Kenya nzima mwaka 1971, naye wakati huo ana wajukuu. Kipande, yaani kitambulisho, nacho kilikuwa cha wanaume. Sheria ilibadilishwa mwaka 1978 ndipo wanawake wakaanza kuandikishwa. Wawe alipokwenda kuchukua chake, karani alimtazama usoni, akamkadiria. Siku na mwezi hazikuandikwa. Kadi hiyo aliifunga kwenye pindo la leso pamoja na pesa za tambuu, akaitoa siku ya kupiga kura na siku ya kwenda hospitali. Miaka yake aliihesabu kwa mambo mengine kabisa, na mambo hayo alikuwa amewagawia watu mbalimbali bila wao kujua.

Mama mkubwa alikuwa nalo la rupia. Wawe alimsimulia kwamba alizaliwa mwaka ambao maduka yalikataa rupia, babake akarudi nyumbani na fedha ya mbata isiyonunua hata kanga ya kumbebea mtoto. Hilo lina tarehe. Kenya iliiacha rupia mwaka 1920, ikaingia florini kwa muda mfupi, na 1921 ikaja shilingi; nikauandika huo wa mwisho. Waliokuwa wamefukia rupia zao shambani walibaki na chuma.

Mjomba, ambaye sasa alikuwa amekaa kimya kwa aibu kidogo, alikumbuka la feri. Kivuko cha Likoni kilianza mwaka 1937. Wawe alisema alikuwa mwari aliyekwisha kuvunja ungo, na alipokwenda na wazazi wake kuuza nazi Mombasa aliishika leso ya mamake kwa hofu, kwa kuwa alizoea kuvushwa kwa mtumbwi. Ukitoa 1921 kwenye 1937, unapata msichana wa miaka kumi na sita. Inakaa.

Likaja la Keya, jeshi la wakoloni. Mjomba alizaliwa mwaka wa njaa, kaka yake Wawe akiwa ameshaandikwa jeshini lakini hajapelekwa Burma. Upungufu mkubwa wa mahindi uliikumba Kenya mwaka 1943, na askari wa Keya walikwenda kupigana Burma mwaka 1944. Hapo kitambulisho cha mjomba kilisema kweli, na cha mamake kikaanguka.

Kwa hiyo 1921. Miaka 97. Nikamgeukia maalim, nikamwambia kwa heshima kwamba alikuwa amezidisha mitatu.

"Sikuzidisha," akasema. "Bibi yako alizaliwa Ramadhani ya masika. Aliniambia mwenyewe kwamba Ramadhani imemzunguka mara tatu."

Nilihitaji kuelezwa. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kama kumi na moja, ndiyo maana Ramadhani hurudi nyuma kila mwaka: mara inaangukia kaskazi na jua kali, mara kusi na baridi, mara masika na matope. Huchukua miaka kama thelathini na mitatu kuzunguka majira yote. Ramadhani ya 1921 iliangukia mwezi wa Mei, mvua inanyesha Pwani. Ikarudi Mei mwaka 1954, ikarudi tena 1986, na ya mwaka 2018, ile tuliyoimaliza wiki moja kabla hajatutoka, nayo ilianza katikati ya Mei. Kwa Hijria ni kutoka 1339 mpaka 1439. Miaka mia.

Hakuna aliyekuwa amekosea ila karani. Mama mkubwa alihesabu kwa fedha za serikali, maalim akahesabu kwa mwezi, wakakutana kwa mtu mmoja.

Vijana waliokuwa pale waliona ajabu kwamba mtu aishi karibu karne bila kujua tarehe yake. Binamu yangu akawakumbusha habari ya Agosti 1978. Wawe alikuwa kando ya barabara kuu hapa Tiwi, na madafu yake ya kuuza, msafara wa Mzee Jomo Kenyatta ukapita kwenda Msambweni. Alipunga leso. Kesho yake, tarehe 22, redio ikatangaza kwamba Rais amefariki Mombasa. Wawe alisimulia hayo mpaka mwisho, kila mara akisema dafu moja lilimponyoka likaviringika barabarani. Sasa, huyo Rais aliyepita naye hakuujua kwa hakika mwaka wa kuzaliwa kwake. Wanahistoria huukisia tu, kwenye miaka ya 1890. Kama mkuu wa nchi alikuwa hivyo, mchuuzi wa madafu ana kosa gani?

Tangu siku ile watu huja dukani kuniuliza nilifanyaje. Nawaambia hivi. Usimwulize mzee, "Ulizaliwa lini?" Atakujibu, "Zamani," na mazungumzo yamekwisha. Mwulize alikuwa anafanya nini: mafuriko ya 1961 yalimkuta ana mtoto mgongoni au bado yuko kwao? Siku ya uhuru, Desemba 1963, alipika kwa nani? Kisha kamwulize ndugu yake swali lile lile, peke yake. Jambo moja halitoshi, maana alama nyingine hubadilika ukivuka maji. Mwimbaji Bi Kidude wa Unguja, aliyefariki tarehe 17 Aprili 2013, naye aliueleza umri wake kwa rupia. Lakini Unguja rupia iliendelea kutumika mpaka 1936, miaka kumi na sita baada ya kuachwa kwetu. Mzee wa Tiwi na mzee wa Unguja wanaweza kusema maneno yale yale, wakapishana kwa kizazi kizima.

Na uulize mapema. Mambo ya Wawe yalikuwa kwa watu wanne. Maalim alimfuata mwaka uliofuata. Tungechelewa, la Ramadhani lingekwenda naye kaburini.

Fomu ya mzee wa mtaa ilijazwa 88, kwa sababu serikali hufuata kadi. Hatukubishana naye. Katika daftari langu nimeandika: alizaliwa Ramadhani ya masika, mwaka rupia zilipokataliwa, alizaa watoto tisa, alimpungia Kenyatta. Ukurasa unaofuata ni wa mama mkubwa. Kitambulisho chake nacho hakina siku wala mwezi, na Ijumaa hii, akimaliza kusuka makuti, nitaketi naye.