Petroli, dizeli au umeme? Hesabu za gari la nyumbani Kwala

Mazungumzo haya niliyasoma redioni juma lililopita. Nayaleta hapa gazetini kwa kuwa watu kadhaa wamenisimamisha njiani wakitaka zile hesabu, maana wakati nazisoma hawakuwa na kalamu.

Yalianza na mpwa wangu. Kijana huyu anafanya kazi katika bandari kavu ya Kwala, ile iliyozinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 31 Julai, 2025, naye amepanga nyumba hukohuko na mkewe. Mkewe ni mjamzito wa miezi saba. Jumapili moja akanipigia simu: "Shikamoo Mjomba. Fedha za gari zimetimia. Sasa niambie, ninunue la petroli, la dizeli, au hili la umeme?" Niliitikia marahaba, lakini jibu sikuwa nalo. Nikamwambia anisubiri hadi Jumamosi niende mwenyewe nikaone anaishije, maana swali hilo halijibiki kwa simu.

Anayekwenda Kwala siku hizi ana la kutazama. Reli ya zamani ya upana wa mita moja, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 wakaifikisha Kigoma mwaka 1914, ingali ikipitisha treni za dizeli. Jirani yake imepita reli mpya ya SGR, ambayo ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na treni zake zinakwenda kwa umeme. Barabarani ni malori ya makontena, dizeli tupu, na katikati ya malori hayo bodaboda za petroli zinapenya. Nguvu zote tatu unaziona ukiwa umesimama mahali pamoja. Mpwa wangu alinyoosha kidole treni ya umeme ilipopita: "Mjomba, ikiwa ule umeme unavuta mabehewa yote yale, utashindwa kunivuta mimi na mama watoto?"

Swali lake lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Kuvuta hautashindwa. Mota ya umeme hutoa nguvu zake zote tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, wakati injini ya mafuta hapana budi kwanza izungushwe, ichanganye, ndipo gia zisaidie. Hata vichwa vingi vya treni tunavyoviita vya dizeli, ukivifungua ndani utakuta injini ya dizeli inazungusha jenereta, na magurudumu yanazungushwa na mota za umeme. Kwa kuvuta, basi, umeme haujapata mpinzani.

Tofauti ni kwamba treni ya SGR haibebi umeme wake. Inaunywa kwenye waya ulio juu ya kichwa chake, njia nzima. Gari la nyumbani halina waya. Linabeba umeme wake mgongoni, ndani ya betri, na hapo ndipo mambo yanapokuwa mazito kweli. Lita moja ya petroli ina nishati ya uniti 9 hivi za umeme. Nissan Leaf, gari la umeme lililoanza kuuzwa Japani na Marekani mwishoni mwa mwaka 2010, lilitoka na betri ya uniti 24 yenye uzito wa karibu kilo 300. Gawanya mwenyewe: kilo 300 za betri zimebeba nishati isiyofika lita 3 za petroli! Kinacholiokoa gari la umeme ni kwamba halipotezi. Injini ya petroli hugeuza kiasi cha robo tu ya mafuta kuwa mwendo, na yote yanayobaki hutokea kwenye radieta na kwenye ekzosi kama joto. Mota hutumia sehemu kubwa ya kile inachopewa, na ukikanyaga breki au ukishuka mlima hugeuka jenereta na kurudisha kidogo kwenye betri.

Tukakaa mezani na kalamu. Kazini ni karibu. Sokoni Mlandizi huenda mara moja kwa juma, na Dar es Salaam kwa mama yake mara mbili kwa mwezi. Tulipojumlisha tulipata kilomita 800 kwa mwezi. Bei ya mafuta EWURA huitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, nayo hupanda na kushuka, kwa hiyo tuliikadiria shilingi 3,000 kwa lita, petroli na dizeli sawa, ili hesabu iwe nyepesi. Msomaji aweke bei ya mwezi wake.

Gari dogo la petroli linalokwenda kilomita 13 kwa lita litataka shilingi kama 185,000 kwa mwezi. Gari la dizeli la ukubwa huohuo linaweza kwenda kilomita 16 kwa lita, maana yake shilingi 150,000. Gari la umeme huenda kilomita 6 hivi kwa uniti moja, na wakati wa kuchaji kuna kinachopotea, kwa hiyo zitahitajika kama uniti 155. Kwa bei ya kawaida ya TANESCO, ambayo pamoja na kodi ni shilingi 356 hivi kwa uniti, ni shilingi 55,000.

Mpwa wangu akapiga meza. Nikamwambia alete karatasi ya LUKU.

Nyumba yake hutumia uniti 70 hivi kwa mwezi, naye yumo katika lile daraja la wanaotumia uniti zisizozidi 75, ambao hulipa shilingi 122 tu kwa uniti pamoja na kodi. Akianza kuchaji gari hapo nyumbani atavuka 75 kabla mwezi haujafika katikati, na daraja lile ataliaga. Zile uniti 70 za taa, friji na pasi alizokuwa akilipia shilingi 8,500 zitapanda hadi karibu shilingi 25,000. Kwa hiyo gharama halisi ya gari la umeme kwake ni kama shilingi 71,000. Hata hivyo bado umeme umeishinda petroli kwa zaidi ya shilingi 110,000 kila mwezi, wala hakuna kubadili oili, plagi wala mkanda wa injini. Mimi mwenyewe, kwa hesabu hizo, nilikuwa nimeanza kuinamia upande wa umeme.

Ndipo akanionyesha picha za gari alilokuwa amelipenda. Lilikuwa la umeme, la mwaka 2013, lililotumika Japani. Kwenye dashibodi ya magari hayo kuna vipande vidogo 12 pembeni ya kipimo cha chaji. Havionyeshi umeme uliomo sasa. Vinaonyesha afya ya betri yenyewe. Jipya huwa na vyote 12. Lile lilikuwa na 8, maana yake betri ilikuwa imebakiwa na theluthi mbili au pungufu ya uwezo wake. Likiwa jipya, kwa vipimo vya Marekani, gari hilo lilikwenda kilomita 121 kwa chaji moja. Kwa vipande 8 utasema 75, tena bila kiyoyozi. Na betri zile hazina mfumo wa maji wa kuzipoza, kwa hiyo joto la Pwani lingeendelea kuzila.

Kutoka Kwala hadi Dar es Salaam kwa barabara ni kama kilomita 90. Gari lingezima kabla halijafika mjini.

Lakini si Dar es Salaam iliyonitia wasiwasi. Nilimwuliza mkwe wangu, uchungu ukianza saa nane za usiku mtakwenda wapi? Akasema Tumbi. Hospitali ya Tumbi iko Kibaha, kiasi cha kilomita 50 kutoka nyumbani kwao. Soketi ya kawaida ya ukutani huchukua karibu saa kumi kujaza betri ya namna ile. Basi tuseme jioni hiyo umeme ulikatika. Bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme Februari 2024, na mgao ule wa mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 tumeusahau. Lakini nguzo kuanguka kwa mvua ni jambo jingine, halihitaji mgao. Mume amerudi kazini, betri ina robo, giza tororo. Mkwe wangu alimtazama mumewe bila kusema neno, nami nikajifanya nasoma karatasi ya LUKU.

Mtu asije akasema nimelikataa gari la umeme. Lenye betri ya uniti 40 au zaidi, iliyo nzima, lingekwenda Dar es Salaam, likachajiwa usiku, likarudi kesho yake. Anayeishi Tabata au Sinza, safari zake hazizidi kilomita 40 kwa siku na ana soketi yake mwenyewe nyuma ya geti, kwa nini asifikirie? Fedha za mpwa wangu hazikufika kwenye gari la namna hiyo, basi.

Tukarudi kwenye dizeli, ambayo wazee wengi wangemshauri aichukue. Injini ya petroli huwasha mchanganyiko wa hewa na mafuta kwa cheche ya plagi. Ya dizeli, tangu Mjerumani Rudolf Diesel alipofanikiwa kuiendesha mwaka 1897, haina plagi ya cheche. Hubana hewa hadi kiasi cha sehemu moja ya 16 ya ujazo wake, hewa ikawa ya moto mno, kisha dizeli ikapuliziwa humo na kuwaka yenyewe. Kwa kuwa hubana zaidi hupata kazi zaidi katika kila lita, na kwa sababu hiyo lori huliondoi kwenye dizeli kirahisi.

Lakini dizeli ya leo si ile ya Land Rover za baba zetu. Nozeli zake zina matundu membamba sana na hupuliza mafuta kwa shinikizo kubwa mno, kwa hiyo uchafu na maji kidogo tu huziharibu. Mimi niliwahi kuwa na pikapu ya dizeli. Siku moja nilijaza kwenye kituo kimoja ambacho sitakitaja, na kabla sijafika nyumbani ikaanza kukohoa na kutoa moshi mweupe. Fundi alifungua tangi, akanusa, akacheka. Nililipia nozeli nne. Ni kweli tangu mwaka 2010 mafuta yetu yanawekewa vinasaba ili kuwabaini wachakachuaji, na tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana dizeli isizidi sehemu 50 za salfa katika milioni, lakini zile nozeli nilizilipia mimi.

Tena magari mengi ya dizeli ya miaka ya karibuni yana chujio la masizi ndani ya ekzosi. Chujio hilo hujisafisha kwa kuyaunguza masizi, na ili yaungue gari lipate mwendo mrefu wa kasi, injini ikiwa ya moto kweli. Anayekwenda kazini kilomita 5 na kurudi, siku sita kwa juma, huzima injini kabla haijapata moto. Chujio huziba, taa huwaka, na fundi wa mtaani hulitoboa. Kwa safari za mpwa wangu, akiba ya shilingi 35,000 kwa mwezi ingekwenda gereji, na pengine isingetosha. Angekuwa anabeba mizigo ya Morogoro kila juma ningemwambia neno jingine.

Ipo pia gesi iliyoshindiliwa, ambayo kilo yake moja hufanya kazi ya lita moja na nusu hivi ya petroli. Vituo vyake vingi viko Dar es Salaam, na mtungi hula nafasi ya buti. Hilo ataliamua baadaye, kwa kuwa gari la petroli linaweza kufungiwa mfumo wa gesi na likaendelea kutumia petroli pia.

Basi ikabaki petroli. Ni ghali kuliko zote tatu kwa mwezi, lakini hujazwa kwa dakika tano, fundi wake yupo kila kijiji, na ukiliacha juma zima uani kwa tangi la nusu, Tumbi unafika na kurudi. Amechagua dogo, la cc 1,300. Nilimwomba tu asiliache lishuke chini ya nusu tangi hadi mtoto azaliwe, na dumu la akiba asiliweke ndani ya nyumba.

Jumanne tunakwenda yadi kulitazama. Mkwe wangu amesema naye anakuja, kwa sababu siku hiyo ikifika ndiye atakayelala kiti cha nyuma, anataka akipime mwenyewe.