Wastaafu Jangwani: Matembezi ya Siku Moja Katika Majira ya Baridi ya Arizona

Kila mwaka, theluji inapoanza kutanda katika majimbo ya kaskazini ya Marekani na magharibi mwa Kanada, maelfu ya wastaafu hufunga nyumba zao na kuteremka kusini hadi jangwa la Sonora, ambalo limeenea katika kaskazini-magharibi mwa Meksiko, kusini mwa Arizona na sehemu ya California. Wamarekani huwaita wasafiri hawa ndege wa theluji. Wenye kipato kikubwa hununua au kupanga nyumba katika miji iliyojengwa kwa ajili ya wazee, kama Sun City, mji ulio karibu na Phoenix ambao mjenzi tajiri Del Webb aliufungua tarehe 1 Januari 1960. Wengine huishi ndani ya karavani, yaani nyumba ya magurudumu inayovutwa na gari au iliyojengwa juu ya gari lenyewe, na ni matembezi ya mume na mke wa kundi hili la pili yanayostahili kuchunguzwa, kwa kuwa yanaonyesha waziwazi kwamba starehe ya uzeeni, hata inapofanana na uvivu mtupu, hutegemea hesabu kali.

Makao makuu yasiyo rasmi ya wasafiri wa karavani ni Quartzsite, mji mdogo ulio takriban kilomita 200 magharibi ya Phoenix, ambao katika sensa ya mwaka 2020 ulikuwa na wakazi 2,413 tu. Mwezi Januari joto la mchana hapo hufikia nyuzi 19 au 20 za Selsiasi na usiku hushuka hadi karibu nyuzi 5, hali ambayo mkazi wa Njombe au Limuru hataishangaa, lakini ambayo kwa mzee aliyetoka jimbo la Saskatchewan nchini Kanada, ambako kipimajoto huweza kusoma nyuzi 30 chini ya sifuri, ni neema. Hata hivyo, jua peke yake halielezi kwa nini wanakusanyika hapo. Sehemu kubwa ya jangwa linaloizunguka Quartzsite ni mali ya umma chini ya Idara ya Usimamizi wa Ardhi ya serikali ya shirikisho, ambayo tangu mwaka 1983 imetenga maeneo ya wageni wa muda mrefu, na kwa miaka mingi kibali cha kukaa katika eneo la La Posa, nje kidogo ya mji, kuanzia tarehe 15 Septemba hadi tarehe 15 Aprili kiligharimu dola 180, kiasi ambacho katika miji mikubwa ya nchi hiyo hakilipii hata juma moja la kodi ya chumba cha kawaida.

Unafuu huo una masharti yake. Kila karavani hujitegemea: umeme hutoka kwenye paneli za sola zilizofungwa juu ya paa, na maji hukaa katika matangi matatu, la kwanza likiwa la maji safi, la pili la maji yaliyokwisha kuoshea vyombo na mwili, na la tatu la maji ya choo. Wenzi waliozoea maisha haya hujua tangi la kwanza litakauka lini na la tatu litajaa lini, na kwa kawaida siku ya matembezi huangukia siku hiyohiyo, kwa kuwa ukishalazimika kwenda kujaza maji na kufua nguo mjini, ni busara kuunganisha shughuli na burudani katika safari moja na tangi moja la mafuta. Asiyejua hili atadhani wazee hawa hawana ratiba.

Asubuhi hupita gulioni. Tangu mwaka 1967, wapenzi wa mawe walipoanza kufanya maonyesho yao hapo, Quartzsite imekuwa soko la vito na mawe ya kila aina, na katika Januari na Februari mabanda huuza akiki, vipande vya miti iliyogeuka mawe, zana za mtumba, sufuria na vipuri vya karavani. Mume na mke huweza kuzunguka saa tatu na kuondoka na bisibisi moja, bila kujiona wamepoteza muda.

Katika makaburi ya mji huohuo lipo piramidi la mawe lenye sanamu ya ngamia wa shaba kileleni, na msomaji wa Kiswahili pengine atavutiwa nalo kuliko yote yaliyo gulioni. Chini yake amezikwa Haji Ali, mzaliwa wa Milki ya Wathmani, ambaye Wamarekani walishindwa kulitamka jina lake wakamwita Hi Jolly. Mwaka 1855 Bunge la Marekani liliidhinisha dola 30,000 za kununulia ngamia wa jeshi, kwa hoja kwamba nyumbu walikuwa wakifa kwa kiu katika majangwa ya kusini-magharibi. Ngamia wa kwanza waliteremshwa katika pwani ya Texas mwaka 1856, wakiwa pamoja na wachungaji wao, na Haji Ali akiwa mmojawapo. Mwaka uliofuata, ngamia waliandamana na kikosi cha Edward Beale kilichopima njia ya magari ya kukokotwa hadi Mto Colorado, wakathibitisha kwamba wanabeba mizigo mizito kwa maji kidogo. Lakini farasi na nyumbu waliwaogopa, askari waliwachukia, na Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilipozuka mwaka 1861 mradi ukatelekezwa, ngamia wakauzwa au wakaachwa wazurure. Haji Ali alibaki Arizona hadi kifo chake mwaka 1902, na idara ya barabara ya jimbo ikamjengea piramidi hilo mwaka 1935.

Kutoka hapo gari huelekea kusini hadi Hifadhi ya Kofa, yenye ukubwa wa karibu kilomita za mraba 2,700, iliyoanzishwa mwaka 1939 ili kuwalinda kondoo pori wenye pembe kubwa zilizojikunja. Kampeni ya kuidai iliendeshwa na vijana wa skauti wa Arizona wakihimizwa na Frederick Russell Burnham, mpelelezi wa vita ambaye, jambo ambalo Wakenya wachache wanalijua, mwanzoni mwa karne ya 20 aliongoza msafara wa kutafuta madini uliofika hadi Ziwa Magadi. Ndani ya hifadhi kuna korongo jembamba ambamo mitende asilia imesimama katika ufa wa mlima. Wataalamu huieleza kuwa huenda ni mabaki ya enzi za mwisho za barafu, wakati eneo hilo lilipokuwa na unyevu zaidi. Njia ya miguu haifiki kilomita moja, ingawa ina mawe na mwinuko wa kuyasumbua magoti, na kwa kuwa jua huingia katika ufa huo kwa muda mfupi tu karibu na adhuhuri, wanaojua hupanga kufika saa sita, hukaa juu ya jiwe, na kula chakula walichofungasha.

Matembezi mengine huvuka mpaka. Upande wa Meksiko, karibu na mji wa Yuma ulio Arizona, mji wa Los Algodones una mamia ya madaktari wa meno, wengi wao wakihudumia wastaafu kutoka kaskazini kwa bei iliyo chini sana ya ile ya kwao, kwa sababu Medicare, bima ya afya ya umma kwa Wamarekani waliofikisha miaka 65, kwa kawaida hailipii meno. Asubuhi jino huzibwa, mchana huliwa samaki kwa ganzi, jioni wenzi hurudi kambini.

Kambini, viti hupangwa kuuzunguka moto na kila nyumba huleta chakula chake. Wanaanthropolojia wa Kanada Dorothy na David Counts, ambao awali walitafiti Papua New Guinea, walichapisha mwaka 1996 kitabu juu ya wazee wa karavani, wakaonyesha jinsi kugawana chakula na msaada kunavyowafanya watu wasiofahamiana kuwa jamii. Si haki, hata hivyo, kuwaweka wote katika kapu moja. Kitabu cha Jessica Bruder cha mwaka 2017, kilichozaa filamu ya Nomadland, kinawaeleza wazee waliohamia ndani ya magari kwa sababu msukosuko wa uchumi wa 2008 uliwanyang'anya nyumba na akiba, na ambao humaliza msimu wa jangwani kwa kwenda kufanya kazi za vibarua. Macho hayatofautishi kwa urahisi karavani ya mwenye nyumba huko Alberta, Kanada, na ya asiye na nyumba popote. Kinachowatofautisha ni kwamba wa kwanza ana mahali pa kurudi kibali cha La Posa kinapokoma tarehe 15 Aprili, wiki chache kabla joto la jangwa halijavuka nyuzi 40.