Matandazo Yapi Yafaa Mchanga Wetu?

Wengi wetu hapa Maskati tumepanda mchicha uani ukanyauka kabla ya adhuhuri. Kosa si la mbegu: mchanga haushiki maji, na jua huyafyonza yaliyobaki, likiacha chumvi juu, hasa tumwagiliapo maji ya kisima.

Dawa ni matandazo, lakini yapi? Changarawe hupunguza upotevu wa maji, ila hushika joto wala hairutubishi udongo. Bora makuti makavu ya mtende yaliyokatwakatwa pamoja na majani. Yakioza, huupa mchanga uwezo wa kuhifadhi maji. Mwagilia kwanza, kisha tandaza unene wa sentimita 5 hadi 8, mbali kidogo na shina lisije likaoza. Yakipungua, ongeza. Maji ni neema, israfu haifai.