Umbo, Rangi, Alama na Mpango: Sanaa ya Kale Katika Nchi ya Kajiado

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Arusha hupita Kitengela, Isinya, Kajiado na Bissil, kisha hufika Namanga, chini ya mlima uitwao Ol Doinyo Orok, yaani Mlima Mweusi. Hapo hushuka garini ili hati zake zitazamwe, na mara hukutana na akina mama wa Kimaasai wenye mikufu, bangili na vibuyu vilivyopambwa kwa shanga. Wasafiri wengine hununua, na wengine hupita. Ni wachache wafikirio ya kuwa vitu walivyoonyeshwa pale mpakani ni sanaa, tena sanaa yenye kanuni zake, kama vile hesabu na sarufi zilivyo na kanuni zao.

Watu wengi waliosoma hudhani ya kuwa sanaa ni picha ya rangi za mafuta iliyotiwa fremu na kutundikwa ukutani, na ya kuwa jambo hilo lilifika Afrika pamoja na shule. Wazo hilo si sahihi. Sanaa itazamwayo kwa macho imesimama juu ya misingi minne, nayo ni umbo, rangi, alama na mpango. Misingi yote minne yaonekana katika Kajiado na nchi zilizo jirani yake, na ushahidi wa baadhi yake ni wa kale kuliko picha yo yote inayojulikana ulimwenguni.

UMBO

Upande wa magharibi wa Kajiado, kando ya barabara iendayo Magadi, pana mahali paitwapo Olorgesailie. Mnamo mwaka 1919 mtaalamu wa miamba, J. W. Gregory, aliona hapo vyombo vya mawe vya kale. Katika miaka ya 1940 Louis Leakey na mkewe Mary walipachimba, na mwaka 1947 mahali hapo pakafunguliwa kuwa makumbusho. Hata leo mgeni aweza kusimama juu ya njia ya mbao akatazama mashoka ya mkono yaliyolala chini kwa wingi, palepale yalipopatikana.

Mashoka hayo hayana mpini. Yalitengenezwa kwa kugonga jiwe la volkano kwa jiwe jingine na kubandua vipande kimoja kimoja, mpaka ncha ikatokea na pande mbili zikalingana. Yalitengenezwa kati ya miaka 1,000,000 na 500,000 iliyopita. Waliyoyafanya hawakuwa watu wa jinsi yetu ya leo, bali jamaa zetu wa kale sana, na wakayatumia kwa kazi kama kuchuna ngozi na kukata nyama.

Je, chombo cha kukatia nyama chaweza kuitwa sanaa? Wataalamu hawapatani juu ya neno hilo. Lakini jambo moja ni wazi. Kwa kukata nyama tu, kipande cha jiwe chenye makali hutosha, wala hapana haja upande wa kushoto ufanane na wa kulia. Aliyelifanya shoka lile aliliona umbo lake moyoni kabla ya kuliona mkononi, akaendelea kugonga mpaka jiwe likatii. Mkulima achongaye mpini wa jembe analijua jambo hili. Huutazama mpini, huugeuza, hupunguza hapa kidogo na pale kidogo, na mwisho wake mpini hufaa mkononi na pia hupendeza machoni. Huo ndio msingi wa kwanza wa sanaa: umbo lililokusudiwa.

RANGI

Mwaka 2018 wataalamu wa Taasisi ya Smithsonian ya Marekani, wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na wenzao, walitangaza habari nyingine kutoka bonde hilohilo la Olorgesailie. Katika tabaka za udongo zenye umri wa miaka ipatayo 300,000 na zaidi, walipata vyombo vidogo vya mawe vilivyofanywa kwa ustadi mpya. Walipata pia vipande vya mawe meusi ya kioo cha volkano, vilivyoletwa kutoka mahali palipo umbali wa kilomita 25 na zaidi. Na pamoja na hivyo walikuta vipande vya mawe ya rangi, vyeusi na vyekundu, vingine vikiwa na alama za kufanyiwa kazi na mkono wa mtu.

Wakati huo ni karibu na ule wa mifupa ya kale kabisa ya watu wa jinsi yetu, iliyopatikana Jebel Irhoud katika nchi ya Moroko, ambayo umri wake ni miaka ipatayo 300,000. Rangi za Olorgesailie hazikuachwa katika picha, bali vipande vyenyewe vyatosha kuonyesha ya kuwa mtu alitafuta kitu kisicholiwa wala kisichokata, akakichukua kwa ajili ya rangi yake.

Yafaa kueleza hapa namna rangi inavyofanywa, maana kanuni yake haikubadilika tangu zamani. Rangi ni vitu viwili vilivyounganishwa. Cha kwanza ni unga wenye rangi, uliosagwa kutoka udongo, jiwe au makaa. Cha pili ni kitu cha kuushikiza, kama vile mafuta, maji, damu, ute wa yai au gundi ya mti. Unga usio na kishikizo hupeperushwa na upepo, na kishikizo kisicho na unga hakionekani. Mchoraji wa Ulaya alichanganya unga wake na mafuta ya kitani, naye kijana wa Kimaasai alichanganya udongo mwekundu na mafuta ya mnyama akajipaka nywele na mwili. Kanuni ni ileile moja. Udongo huo mwekundu ni ndugu wa ngeu, ambayo maseremala wa pwani waliitumia kupiga mstari juu ya ubao. Hata jina la Olkaria, karibu na Naivasha, latokana na neno la Kimaasai la udongo huo.

PICHA ZA MWAMBANI

Barabara ipitayo Namanga haikomi Arusha. Huendelea kusini hata Babati na Kondoa, katika Tanzania, na huko Kondoa mwaona jinsi umbo na rangi zilivyokutana zikawa picha. Katika mapango ya Kolo na mahali pengine pengi pana picha nyekundu za twiga, ndovu na pofu, na za watu warefu wembamba wenye vichwa vikubwa. Zilichorwa na wawindaji wa zamani, na juu yake zipo picha nyeupe za wakati wa baadaye. Mary Leakey alizinakili kwa uangalifu mkubwa mwaka 1951, na kitabu chake juu ya picha hizo kilitolewa mwaka 1983. Mwaka 2006 UNESCO iliziandika katika orodha ya urithi wa dunia.

Mtu azitazamaye picha hizo ataona ya kuwa wanyama wengi wamechorwa kwa ubavu. Hilo si kosa la mtoto asiyejua. Twiga atazamwaye kwa mbele ni miguu na masikio tu, bali kwa ubavu shingo yake humtangaza mara moja. Mchoraji alichagua upande usemao zaidi, akaacha mengine yote. Kuchagua na kuacha ndiyo kazi ya kila mchoraji. Ndivyo walivyofanya pia waliochora faru na simba katika pango la Chauvet, Ufaransa, zaidi ya miaka 30,000 iliyopita, na waliochora nguruwe katika mapango ya Sulawesi, Indonesia, zaidi ya miaka 45,000 iliyopita. Watu hawa hawakuonana, wala hawakuandikiana barua. Lakini mkono, jicho na udongo mwekundu viliwafundisha wote somo moja.

ALAMA

Msingi wa tatu ni alama, yaani umbo lenye maana kwa wale wanaolijua. Ng'ambo ya uwanda wa Athi na Kitengela, upande wa Machakos, kiko kilima cha Lukenya. Chini ya miamba yake mna picha za ngao na za chapa za ng'ombe zilizochorwa na vijana wa Kimaasai. Morani walikuwa na desturi ya kwenda mbali na nyumbani kuchinja ng'ombe na kula nyama pamoja, mahali waitapo olpul, nao waliacha alama zao juu ya mwamba. Mtaalamu Richard Gramly aliandika habari za mahali hapo mwaka 1975.

Chapa ya ng'ombe ni mstari mmoja au miwili tu, lakini husema, "Mnyama huyu ni wa fulani." Karani apigaye mhuri wa ofisi juu ya barua hufanya jambo hilohilo. Ngao nayo ilisema mengi zaidi. Ilifanywa kwa ngozi ya nyati, ikapakwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi, na michoro yake ilimwonyesha mwenye kuitazama mwenye ngao ni wa kundi gani na wa rika gani. Adui na rafiki waliisoma kwa mbali, kama mtu asomavyo kibao njiani.

Wala alama hiyo haikufa. Kenya ilipopata uhuru, tarehe 12 Desemba mwaka 1963, bendera mpya iliyopandishwa ilikuwa na ngao ya Kimaasai na mikuki miwili katikati yake. Kila mtoto asimamaye mbele ya bendera shuleni huitazama sanaa ya zamani, ajapokuwa hajaambiwa.

MPANGO

Sasa yafaa kurudi Namanga, kwa wale akina mama na shanga zao, maana ndio wafundishao msingi wa nne. Mpango ni namna ya kuweka vitu pamoja hata kila kimoja kimpe mwenzake nguvu. Fundi wa Kimaasai hapangi rangi ovyo. Nyeupe hutenganisha zile za giza, nyekundu huwekwa karibu na kijani, na rangi ya machungwa karibu na buluu, ili kila moja ionekane wazi. Mstari mrefu wa rangi moja hukatwa kwa rangi nyingine jicho lisije likachoka. Tena kila sehemu ya Wamaasai, kama Wakaputiei wa upande wa Kitengela na Wamatapato wa upande wa Namanga, ina upendeleo wake, na mwenye kujua aweza kuutambua.

Shanga zenyewe za kioo zilitoka mbali. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilizileta bara kutoka pwani, nazo zilifanywa Ulaya, hasa Venice na Bohemia. Kwa hiyo wengine husema ya kuwa ushanga ni kitu cha kigeni. Lakini katika pango la Enkapune ya Muto, upande wa Naivasha, zimepatikana shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa miaka ipatayo 40,000. Kioo ndicho kigeni. Mkono unaotoboa, unaotunga na unaopanga ni wa hapa, tena ni wa kale sana.

Basi mnunuzi abishanaye na mama mmoja juu ya shilingi chache, akisema kwamba ni shanga tu, hajui anachokinunua. Halipi bei ya kioo na uzi tu. Hulipa pia bei ya hesabu iliyofanywa kichwani pasipo karatasi, na ya siku nyingi za kazi.

URITHI UNAOFUTIKA

Mambo haya yote yana hatari zake. Mashoka ya Olorgesailie yalidumu miaka mamia ya maelfu, lakini mtu mmoja aweza kuliokota moja akalitia mfukoni kwa dakika moja tu. Na shoka lililoondolewa mahali pake halina habari tena. Huko Kakapel, katika nchi ya Wateso, watu waliandika majina yao juu ya picha za kale, ikawa lazima kufanya kazi ya taabu kuyaondoa. Kwingineko wageni huzimwagia maji picha za mwambani ili zing'ae katika kamera, na kila mara zimwagiwapo maji huzidi kufifia. Moto uwashwao chini ya mwamba hupaka masizi, na mchimba mawe ya kujengea aweza kuvunja katika siku moja picha ambayo hakuna awezaye kuichora tena.

Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya, ya mwaka 2006, yakataza uharibifu huo. Lakini askari hawezi kusimama kwenye kila jabali. Mlinzi wa kwanza ni mwenye shamba na mchungaji, maana wao ndio wapitao huko kila siku. Aonaye mchoro au jiwe lililochongwa asilisugue, asilioshe wala asilichukue, bali akumbuke mahali pake na kupeleka habari kwa watu wa Makumbusho.

Na iko kazi nyingine isiyohitaji mlinzi wala mtaalamu. Maana za rangi za ngao, majina ya chapa za ng'ombe na kanuni za kupanga shanga zimehifadhiwa katika vichwa vya wazee. Kijana aliyesoma aweza kuketi na bibi yake jioni moja, akamwuliza kwa nini buluu imewekwa hapa wala si pale, akaandika jibu lake katika daftari pamoja na tarehe. Wazee walikwisha kusema kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Neno hilo wenye maduka wamelishika siku nyingi. Yafaa wenye urithi huu nao walishike.