Mbegu ya Nyanya Ihukumiwe Pia na Mkono Uchumao

Mvua zikishakatika hapa Songea, wakulima hushuka mabondeni penye unyevu kuandaa matuta ya mboga. Ndipo wauza pembejeo huulizwa swali lile lile la kila mwaka: mbegu ipi ya nyanya izaayo sana? Wenye uzoefu huongeza: ipi istahimiliyo mnyauko? Maswali hayo ni ya haki, wala hatuna ugomvi nayo. Linalotushangaza ni kwamba swali la tatu halisikiki: ipi ichumwayo kwa wepesi?

Swali hilo lina uzito zaidi kwa nyanya zile ndogo ziitwazo cheri. Ndugu zetu wa Visiwani, ambao nyanya huiita tungule, wanazifahamu kwenye meza za mahoteli ya watalii. Tunda moja lina uzito wa gramu 10 hadi 20 tu. Basi kilo moja yataka matunda 50 hadi 100, ilhali nyanya za kawaida za gramu 100 zatosha 10. Na anayetia mkono mara hizo zote ni nani? Aghalabu ni mama au kijana wa kibarua alipwaye kwa ndoo. Akipewa kwa ndoo ya nyanya ndogo malipo yale yale ya ndoo ya nyanya kubwa, huyo amedhulumiwa, hata kama hakuna aliyekusudia kumdhulumu.

Mbegu yaweza kumpunguzia taabu au kumzidishia. Iko aina ambayo matunda ya kishada kimoja huiva karibu kwa pamoja, mchumaji akakata kishada kizima kwa mkasi mara moja. Iko nyingine ambayo huiva moja moja, ikamrudisha shambani kila kukicha. Liko pia suala la ngozi. Sungold, mbegu iliyotoka Japani, inasifika sana kwa utamu, lakini ikiiva na kupata maji mengi kwa ghafla hupasuka. Na tunda lililopasuka halifiki sokoni. Aina nyingi za cheri hurefuka bila kikomo, hivyo zisipofungwa vema kwenye miti hulala chini, na mchumaji akashinda ameinama. Mgongo wake nao una haki ya kusemewa.

Lakini jambo tunalolitilia mkazo zaidi ni kikonyo. Nyanya nyingi zina kifundo katikati ya kikonyo, na ukivuta tunda hukatikia hapo. Kijiti hubaki kwenye tunda, na ndani ya tenga, gari likirukaruka njiani, hutoboa tunda la jirani. Mchumaji mwangalifu hukiondoa kwa mkono wa pili, nyanya baada ya nyanya. Kwa nyanya mia za kilo moja, hiyo si kazi ndogo.

Dawa ya udhia huo ilipatikana visiwani, habari ambayo wasomaji wetu wa Unguja na Pemba wataifurahia. Katika visiwa vya Galapagos, nchi ya Ecuador, huota nyanya mwitu ambayo kikonyo chake hakina kifundo. Tunda hung'oka likiwa tupu. Mtaalamu Charles Rick wa Chuo Kikuu cha California alihangaika na mbegu za nyanya mwitu wa huko, kwa kuwa zilikuwa ngumu kuota, mpaka alipozipitisha katika tumbo la kobe mkubwa, jamaa ya hawa wa Changuu. Sifa ile ya kukosa kifundo iliingizwa baadaye katika mbegu nyingi za nyanya za viwandani, zile zivunwazo kwa mashine. Sisi mashine hiyo hatuna, lakini mikono yetu nayo yaistahili sifa hiyo.

Kwa hiyo twawaelekea maofisa wa kilimo, wa Bara na wa Zanzibar. Tangu tamko la Siasa ni Kilimo la Iringa mwaka 1972 tumezoea kuhesabu ekari na magunia. Saa za mchumaji hatujazoea kuzihesabu. Katika mashamba ya majaribio, Tengeru iwe au Kizimbani, ipimwe pia kilo anazochuma mtu mmoja kwa saa moja, na yahesabiwe matunda yaliyopasuka na yaliyotoka na vijiti. Yatosha saa ya mkononi na daftari. Majibu hayo yabandikwe pale mbegu ziuzwapo, kwa Kiswahili.

Mkulima naye asingoje. Apande mistari miwili mitatu ya aina mbalimbali bega kwa bega, kisha awaulize wachumaji wake kabla ya kununua mbegu ya shamba zima. Ila akipenda aina iliyo chotara, asiweke mbegu za matunda yake kwa msimu ujao, maana watoto hawatafanana na mama.