Moduli Zilizokataa Kuitika

Barabara iteremkayo kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay humtoa msafiri katika baridi ya mibuni na kumtua katika joto la Ziwa Nyasa. Katika shule moja ya sekondari ya ufuko huo niliwakuta wanafunzi wamejiinamia. Walikuwa wamepima mvua tangu Novemba, nao walitaka kuichorea grafu katika kompyuta kwa ajili ya maonyesho ya kesho yake. Kioo kilibaki cheupe.

Walitumia D3, maktaba ya JavaScript iliyotolewa mwaka 2011 na Mike Bostock na wenzake. Maktaba hapa si chumba cha vitabu, bali ni mkusanyo wa programu zilizokwisha kuandikwa, ambazo mtu huziazima. Kwa kuwa mtandao wa pale ni wa kubahatisha, mwalimu wao aliinakili faili yake iitwayo "index.js" huko Songea, akaileta kwa flashi.

Kosa la kwanza lilikuwa jepesi. JavaScript ilibuniwa mwaka 1995, lakini haikuwa na utaratibu wake rasmi wa moduli hadi mwaka 2015. Hivyo kivinjari huichukulia kila programu kuwa ya mtindo wa zamani mpaka kielezwe vingine, na kikikuta neno "import" humo, hukataa. Tukaongeza type="module". Kikakataa tena, kwani kwa sababu za usalama hakiruhusu moduli kuagizwa kutoka faili iliyofunguliwa moja kwa moja diskini. Hapana budi ipitie seva. Kompyuta ile ile yaweza kuwa seva bila intaneti: penye Python, amri "python -m http.server" yatosha.

Kosa la tatu ndilo lenye kisa. Kivinjari kililalamika kwamba hakijui "d3-array" ni kitu gani. Wanafunzi waliapa hawakuliandika jina hilo popote, na kweli hawakuliandika. Tulipoifungua "index.js" tukaona mistari michache tu, kila mmoja ukiagiza moduli nyingine. D3 ni jumla ya moduli 30. Flashi ilileta orodha ya wageni, si wageni wenyewe. Tena jina lisilotanguliwa na "./", "../" au "/" halikionyeshi kivinjari njia ya kufuata.

Dawa ilikuwa "d3.min.js", faili moja ambamo moduli zote zimefungashwa. Haifiki hata kilobaiti 300. Mwalimu alipanda kilimani na simu yake, akarudi nayo. Huitwa kwa mtindo wa zamani, kwa hiyo mstari wa "import" ukafutwa, na ile type="module" tuliyoiongeza kwa fahari ikaondoka pia. Hata seva haikuhitajika tena.

Saa mbili usiku nguzo za mvua zilijipanga kiooni. Msichana mmoja akauliza mbona ya Februari ni fupi, nao wakaanza kubishana kama kipimo kiliangushwa na mbuzi.